Aliyekataa Kupita Bila Kupingwa

Amefariki. Habari ilinifikia nikiwa kwenye lifti ya jengo tunalofanyia kazi hapa West Bay, Doha. Simu ikatetemeka mkononi, nikasoma, mlango ukafunguka kwenye ghorofa yangu na nisishuke. Lifti ikanipandisha hadi juu kabisa, ikanirudisha chini, na kijana wa mapokezi, mtu wa Kampala, akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia Sista amekufa. "Sista yupi?" Yule mbishi, nikamjibu. Akashika kichwa kwa mikono miwili na hakuuliza tena. Nanyi wasomaji wangu wa siku nyingi mnamfahamu, ijapokuwa hamjui kwamba mnamfahamu. Ndiye yule ambaye kila nikiandika hapa kuhusu siasa alinipigia simu kunipinga, nami wiki iliyofuata nikawaandikia kwamba "kuna msomaji mmoja anadai". Msomaji huyo mmoja alikuwa yeye. Moyo wake ulisimama ghafla akiwa nyumbani, siku yake ya mapumziko, chai ikiwa bado mezani. Watu wananipa pole ya huzuni, na mimi nasema ukweli, nilichonacho ni hasira. Tulikuwa katikati ya ubishi. Sasa ameondoka na kuniachia neno la mwisho, kitu ambacho hakuwahi kunipa hata siku moja akiwa hai, na sijui nilifanyie nini.

Alikuwa Mkenya wa kuzaliwa na Mmarekani wa karatasi. Miaka mingi aliwahudumia wakongwe katika jimbo moja la baridi kule kaskazini, akapata uraia, akalea wanawe wawili huko, na theluji ilipomshinda magoti akaja kufanya kazi ya uuguzi hapa Doha. Tulijuana Mesaimeer, kule kwenye makanisa, Ijumaa moja baada ya ibada, pale watu wanaposimama kwenye jua wakitafuta wa kuwapa lifti. Nilimbeba kwenye gari langu siku hiyo, na kabla hatujafika barabara kuu alikuwa amekwisha kuniambia kwamba safu yangu ya wiki ile ilikuwa upuuzi mtupu. Nilikuwa nimeandika, kwa madaha niliyoyaona ya hekima, kwamba vyama vya siasa vingefanya vizuri kuachana na kura za mchujo, kwamba wakubwa wakae chini, wakubaliane juu ya mgombea mmoja, na kuwaepushia wananchi kelele. "Wewe unaandika kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa," aliniambia. Nikamuuliza, kuulizwa nini? "Hivyo tu. Hujawahi kuulizwa, kwa hivyo hujui unakosa nini."

Mnielewe nilikotoka. Mimi ni mtu wa kwetu, na mchujo wa kwetu naujua. Naujua wa karatasi zinazofika jioni watu wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani, wa vijana wenye fulana mpya na rungu za zamani, wa mshindi anayetangazwa mahali ambapo hakuna aliyepiga kura. Naujua wa tikiti ya moja kwa moja, inayotoka juu kama mvua, anyeshewe atakayenyeshewa. Na anayeshindwa asubuhi, jioni unamkuta amevaa rangi za chama kingine, anakitukana kile kilichomlea. Kwa hiyo Sista aliponiambia kwamba moyo wa demokrasia ya Marekani si ile siku kubwa ya Novemba ambayo dunia nzima hukesha ikiitazama, bali ni siku fulani ya katikati ya mwaka ambayo hata jirani yake wa kule haikumbuki, nilicheka hadi nikakosea njia ya kutoka kwenye mzunguko. Alisubiri nimalize kucheka. Kisha akaniambia hivi: "Harusi, watu wote huja. Hata usiowaalika wanakuja. Lakini kazi iko kwa posa. Ukikosa posa, usilalamike eti bibi harusi humpendi."

Kule kwao, alinieleza, wilaya nyingi za uchaguzi zina wenyewe. Kuna pahali chama hiki hakishindwi, na pahali kile hakishindwi, miaka nenda miaka rudi. Sasa kama chama kimoja ndicho kitakachoshinda hata kikisimamisha gogo, ni lini mwananchi anachagua? Anachagua kwenye mchujo, au hachagui kabisa. Na mchujo ukiwa na jina moja tu, basi mtu amekwenda bungeni na hakuna hata kiumbe kimoja kilichomchagua. Wamemkuta tu pale, kama wanavyomkuta mlinzi wa lango. Nilimwuliza, na aliyeshindwa je, si atahama kesho yake? Akasema katika majimbo mengi sheria haimruhusu. Ukishindwa kwenye mchujo, huwezi kuruka ukuta ukasimama kwa mlango mwingine mwaka uleule. Utakaa, utameza, utamuunga mkono aliyekushinda au utanyamaza. Asiyekubali kushindwa si mshindani, sisi tunausema huo msemo kwenye mashindano ya kwaya. Wao wameutia kwenye sheria.

Kura yake ililetwa kwa barua pepe, naye hakuwa na mashine ya kuchapisha. Ndiyo maana kila msimu wa mchujo alikuja ofisini kwangu baada ya zamu, bado na viatu vyake vyeupe, tukaichapisha pamoja, akaenda kukaa peke yake kwenye chumba kidogo cha mikutano kuitia alama, na kutoka akiwa ameifunga kwenye bahasha. Nilimtania sana. Nilimwambia hakuna mtu atakayeifungua bahasha hiyo, kwamba inakwenda kufutia vumbi. Mwaka mmoja niliona, kabla hajaitia alama, kwamba mbunge wake wa siku zote alikuwa amepata mpinzani. Nikajua atakuwa amekasirika, kwa sababu alimpenda mbunge huyo. Ofisi yake ndiyo iliyohangaika hadi mama mzazi wa Sista akapata viza ya kwenda kuwaona wajukuu. Wapi! Alikuwa anachekelea kama mtoto wa Krismasi. "Mwaka aliokosa mpinzani hakukanyaga mtaani kwetu," alisema. "Mwaka aliompata, alikuja mpaka kanisani kwetu sisi Wakenya, akala chapati, akauliza habari za basi la asubuhi ambalo haliji. Na lile basi likaanza kuja!" Nikamwuliza, kwa hiyo unampigia nani, huyu mliyemzoea au huyo mpya? Akanitazama juu ya miwani. "Kura ni siri, Mwandishi. Hata kwa mwenye printa."

Nisije nikamfanya malaika. Nilimbana pia, na kuna mahali alibanika. Nilimwambia wanaokwenda kwenye mchujo ni wachache, na wachache hao mara nyingi ndio wenye kelele na hasira, kwa hiyo mbunge wa kule anaogopa watu wake wenyewe kuliko anavyowaogopa wapinzani, na anayeogopa wenye hasira naye hujifanya mwenye hasira. Nilimwambia fedha za watu wa mbali humiminwa kwenye wilaya ndogo ili kumng'oa mtu aliyethubutu kukubaliana na upande wa pili juu ya jambo moja la maana. Alinyamaza. Alikuwa mtu wa kunyamaza vizuri, ananyamaza huku anafikiri, si kama mimi ninayenyamaza nikisubiri zamu. "Hiyo ni kweli," alisema. "Imenisumbua mimi mwenyewe. Lakini wale wengine ni nani aliyewafungia mlango? Chakula kikiungua, tunafukuza mpishi au tunafunga jiko?" Hakunishawishi. Mpaka leo sijashawishika kabisa, nami nataka ijulikane hivyo, asije mtu akasema kifo kimenibadilisha dini.

Halafu ukaja ule mwaka ambao chama chake kilikuwa na rais madarakani, na kwa kuwa alikuwa madarakani hakuna mzito aliyejitokeza kumpinga kwenye mchujo. Ukapita kimyakimya. Kiangazi kilipofika, rais akajiondoa, na tikiti ikaenda kwa makamu wake bila hata jimbo moja kuulizwa upya. Mimi niliona ni busara, muda ulikuwa umekwisha, nyumba inaungua huwezi kuitisha kikao cha kuchagua ndoo. Sista hakuongea nami kwa wiki nzima, kana kwamba mimi ndiye niliyewashauri. Na chama kile kingine hakukiachia pia. Walikuwa na mchujo, ndiyo, lakini mkubwa wao hakupanda jukwaa la mdahalo hata mara moja, na akashinda. "Hawa wamekataa kuuliza, na wale wamekataa kuulizwa," alisema alipopoa. "Na huenda ningewachagua haohao! Hiyo ndiyo inaniuma. Ningewachagua haohao, lakini ningekuwa nimewachagua." Mchelea mwana kulia hulia yeye, nilimwambia, nikifikiri nimemfariji. Akasema mwana hata hajapewa nafasi ya kulia.

Sasa niwaambie alivyoyaleta mambo hayo kwetu, maana hapo ndipo ninapokosa utulivu. Hapa Doha sisi watu wa nyumbani tuna jumuiya yetu ndogo ya kufaana. Wapo wauguzi, wapo wa ofisini kama mimi, walinzi, watu wa hoteli, madereva, wafanyakazi wa nyumbani. Wakristo na Waislamu. Anayefiwa tunasimama naye, anayeugua tunamtembelea, anayekwama tunatafuta njia. Tulikuwa tunakutana Ijumaa alasiri kwenye nyumba ya mmoja wetu kule Muaither, wengine wakitoka Mesaimeer, wengine wakitoka msikitini. Na viongozi wetu tulikuwa tunawapata kwa namna ambayo kila Mkenya anayesoma hapa ataitambua: wazee wachache wanakubaliana kwenye chai, na ukikosa mkutano, ole wako, ndiwe utakayechaguliwa. Kutokuwepo ndiyo sifa yetu kubwa ya uongozi. Basi Ijumaa moja Sista alikuwa zamu, na sisi, kwa furaha yote, tukamfanya mwenyekiti. Nilipewa mimi kazi ya kumpigia simu wodini.

"Hongera, mwenyekiti!"

"Nani ameshindwa?"

"Hakuna aliyeshindwa, Sista. Tumekubaliana."

"Kama hakuna aliyeshindwa, basi hakuna aliyeshinda," alisema. "Waambie nashukuru, na waambie nataka mpinzani."

Wazee walidhani anaringa. Mmoja alisema uzungu umemwingia kichwani. Naye alianza kumtafuta mpinzani wake mwenyewe, nyumba kwa nyumba, simu kwa simu, na watu wakimkimbia wakidhani ni mtego. Jamani, nani aliwahi kuona mtu anamtafuta wa kumshinda kama anayetafuta mbuzi aliyepotea? Hatimaye alimpata dereva mmoja wa familia, kijana wa Mombasa, mpole wa kuonekana, ambaye hakuwahi kufungua mdomo mkutanoni. Alikubali mara moja. Ilikuwa kana kwamba miaka yote alikuwa akisubiri mtu amwulize. Na Ijumaa iliyofuata alisimama pale sebuleni Muaither akasema jambo ambalo sote tulikuwa tumekaa juu yake bila kuliona. Alimtaja dada mmoja, mfanyakazi wa nyumbani, mtaa wa pili tu kutoka pale tulipoketi. Dada huyo alikuwa amefiwa na mama yake, na jumuiya haikumpelekea hata mtu mmoja wa kumshika mkono, kwa sababu utaratibu wetu ulisema tunasimama na anayehudhuria. "Mnasema hahudhurii," kijana alisema. "Sasa atahudhuria aje, na Ijumaa ndio siku wageni wote wa madam wanakuja kula? Ijumaa hao madada wanaamka kabla ya sisi sote, wanapika mpaka jioni. Nyinyi mmechagua siku moja ambayo hawawezi, mkasema hawataki."

Tulikuwa tumekutana Ijumaa tangu jumuiya ianze, kwa sababu Ijumaa sisi wa ofisini na wa hospitali tulikuwa huru. Kila mwenyekiti aliyepita kwa makubaliano alikuta Ijumaa akaiacha Ijumaa. Dereva akadai wafanyakazi wa nyumbani wapige kura kwa ujumbe wa sauti, kila mmoja kwa wakati anaoupata, watume kwa simu ya mwalimu mmoja Mtanzania ambaye si mwanachama, maana sisi kwa sisi hatuaminiani. Wazee wakapiga kelele. Aliyesimama kumtetea alikuwa Sista, mpinzani wake. Nilimvuta mkono nikamnong'oneza kwamba hao wote ni kura za yule kijana, yeye huwaona kila siku kwenye lango la shule wakienda kuwachukua watoto, madereva na yaya wanasubiri pamoja. "Najua," alisema. "Niache."

Akashindwa. Kwa kura chache, lakini akashindwa, na zilikuwa kura zilezile. Alimpa kijana mkono, akatabasamu, akawapakulia watu pilau. Tulipoingia garini aliuweka mkoba mapajani na kulia kwa sauti, mwanamke mzima, nesi aliyefumba macho ya maiti wengi kuliko ninavyoweza kufikiri. Mimi nikaanza kusema habari za demokrasia. Akanikata. "Usiniambie demokrasia. Nimeumia. Nimewahangaikia hawa watu, nimewapima presha bure jikoni kwa madam zao, na wamenikataa." Tulikwenda hivyo, yeye akilia na mimi nikiendesha. Tulipokaribia kwake alijipangusa uso kwa kitambaa cha kichwa. "Wajua nini," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "niliwapa dawa, niliwapa mawaidha, niliwakemea wasile chumvi. Sikuwahi kuwauliza kitu. Yule aliwauliza."

Mikutano ikahamishwa, ikawa kwa simu siku za katikati ya wiki, baada ya watoto wa madam kulala mchana. Sista alitumikia chini ya kijana yule bila kinyongo ninachokijua. Mkataba wa dereva ulipokwisha akarudi Mombasa, na Sista akasimama tena, akapata mpinzani mwingine, na safari hii kabla hajaomba kura alikuwa amekwisha kwenda kwenye malango ya shule kuuliza. Alishinda. Ningependa kuwaambia kwamba kila mtu alifurahi. La. Kuna marafiki wawili wa damu, wote wauguzi, walikuwa wanakula sahani moja. Kampeni ile ya kwanza iliwatenganisha na mpaka leo hawasalimiani. Walikaa pande mbili za chumba juzi tulipomlilia. Nikiwaona najiuliza kama wazee hawakuwa na haki kidogo. Ushindani huvunja vitu. Sista hakukana, alisema tu kwamba makubaliano nayo yalikuwa yamemvunja yule dada aliyefiwa peke yake jikoni, ila yeye alivunjika kimya, kwa hiyo sisi tukayaita amani.

Juzi, basi. Nyumba ileile ya Muaither, watu wamejaa, viatu vimetapakaa mlangoni, nyimbo zimetulia, wanawe wamepiga simu kutoka Marekani, na tumekubaliana mwili utasafirishwa nyumbani. Mzee mmoja wa jumuiya akanivuta pembeni, wengine wawili wakasogea. "Mwandishi, tumekaa tukaona," alisema. "Huu si wakati wa kampeni. Tuna msiba. Kuna ofisi za kuzungukia, kuna karatasi za kutia sahihi, hatuwezi kuwa bila mwenyekiti. Wewe unaandika, unajua maofisi, watu wanakujua. Tumekubaliana ni wewe." Nisiwafiche: nilifurahi. Kilio kilikuwa bado masikioni na mimi nikahisi kifua kikipanuka. Nikasema maneno ya unyenyekevu ambayo mtu husema akiwa amekwisha kukubali. Hata nikajiambia kwamba mara hii ni tofauti, kwamba kuna dharura, kwamba marehemu mwenyewe angeelewa. Mnaona jinsi hoja zinavyokuja zenyewe pale kiti kinapokuwa chako?

Aliyekuwa akipitisha chai alikuwa yule dada. Ndiye, aliyefiwa na mama. Madam wake alimruhusu aje kumlilia Sista. Alisimama na chupa ya chai mkononi, akasema, si kwa ukali, "Hata mimi nataka." Mzee hakuelewa. Unataka nini, mama? "Hiyo ya mwenyekiti. Nataka kusimama." "Dada, si wakati wake," mzee akamwambia kwa upole. "Wakati wake ni gani?" Mimi, Mungu anisamehe, nilimkasirikia. Niliona amekosa adabu mbele ya msiba. Kisha akanigeukia. "Mwandishi, na wewe ukikipata, utatufanyia nini sisi wa nyumbani?" Mimi ninayejaza ukurasa huu kila wiki, sikuwa na sentensi hata moja. Nikasema nitaliangalia hilo. "Haya," alisema, akanimiminia chai, "liangalie."

Wazee wanataka nizungumze naye ajitoe. Ni rahisi, nadhani angejitoa. Ningemwambia msiba ni mzito, umoja ni bora, zamu yake itakuja. Nimelitunga neno hilo mara nyingi kichwani na kila nikilitunga linatoka tamu zaidi. Badala yake nimempigia simu yule mwalimu Mtanzania, nikamwomba atupokelee kura. Kisha jana nilitoka kazini mapema nikaenda kwenye lango la shule moja karibu na Muaither, saa ya watoto kutoka, jua likiwa utosini, mimi na tai yangu katikati ya madereva na yaya. Mpinzani wangu alikuwepo, maana yeye hufika pale kila siku. Alinisogezea nafasi kwenye kivuli cha ukuta. "Umechelewa kuja, Mwandishi," akaniambia. "Lakini karibu." Akanitambulisha kwa wenzake mmoja mmoja, akawaambia mimi ndiye ninayeshindana naye, waniambie shida zao.

Wakaniambia. Mmoja alinieleza habari za jino linalomuuma tangu mfungo wa Ramadhani na asijue pa kwenda. Mwingine anataka jumuiya imsaidie kuandika wasia. Wa tatu aliniuliza kama nimekuja kwa sababu nawapenda au kwa sababu nataka kura. Nikasema nataka kura. Akacheka, akaanza kuongea. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akinipigia kelele marehemu miaka yote hii, juu ya wilaya yake ya baridi na bahasha zake. Mimi si mwema kuliko nilivyokuwa wiki iliyopita. Nimeishi nao mji mmoja, nimeandika juu yao, nimewasifu, nimewahurumia, na sikuwahi kusimama juani kumwuliza hata mmoja wao anataka nini. Jana niliuliza kwa sababu moja tu: kwa mara ya kwanza kuna mtu anayeweza kunishinda, na nadhani atanishinda.